Pumzi, Mlima na Hofu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye moshi: wa kuni, wa mkaa, wa sigara na wa mabanio ya samaki. Tuliona unavyoharibu mirija ya mapafu polepole, na jinsi kifua kikuu, hata kikishapona, kinavyoweza kuacha makovu. Nilitaja pia utafiti wa vijijini hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 2018, uliokuta asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa wana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa. Leo nazungumzia hofu, jambo ambalo kila mwenye mapafu mabovu analijua lakini ni nadra kuulizwa.

Tuseme wapo akina mama wawili hapa Nyakato, Mwanza, wote wamebanika samaki miaka mingi. Wamepuliza kwenye kipimo cha spirometri na majibu yao yamefanana. Mmoja hushuka daladala Buzuruga, akapandisha hadi kwake juu ya mawe, akisimama njiani mara mbili. Mwenzake hafiki hata dukani. Akiinuka tu kwenda bafuni, anahema na kushika ukuta. Majirani wanasema anadeka, wengine wanasema karogwa. Wote wanamkosea.

Kubanwa pumzi hakupimwi na mapafu peke yake. Ubongo hutuma amri kwa misuli ya kifua, kisha hungoja taarifa kwamba hewa imeingia kama ilivyoagizwa. Amri ikiwa kubwa na hewa ikawa ndogo, ubongo hupiga kelele ya hatari. Kelele hiyo ina pande mbili: jinsi kazi ya kupumua ilivyo nzito, na jinsi uzito huo unavyotisha. Upande wa pili hulishwa na kumbukumbu. Aliyewahi kukatikiwa pumzi usiku akadhani anakufa, mwili wake haujasahau. Anapouona mlima, moyo unaanza kwenda mbio kabla mguu haujanyanyuka.

Na hofu hiyo haibaki kichwani. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka. Kwa mwenye mapafu mazima si neno. Kwa mwenye mirija iliyobana, hewa hutoka taratibu mno, naye anavuta nyingine kabla ya ile ya kwanza kutoka. Ni kama daladala ambayo watu wanasukumana kupanda ilhali waliofika hawajashuka. Kifua kinajaa hewa iliyochoka na nafasi ya hewa mpya inakwisha. Kwa hiyo hofu imembana kweli, wala hajajifanyisha. Ndiyo maana sipendi kabisa kumsikia mtu yeyote, awe mhudumu wa afya au ndugu, akimwambia mgonjwa "ni mawazo yako tu."

Kinachofuata ni kukaa. Kila safari iliyomtisha anaiacha: kwanza mlima, kisha soko, kisha ibada. Misuli ya mapaja inanywea, na misuli iliyonywea huchoka haraka, ikadai pumzi zaidi kwa kazi ileile. Hapo ndipo upendo wetu unapoongeza ugonjwa. Kwa heshima tunamletea mama kiti, mjukuu anatumwa maji, mkwe anapika, mama anaambiwa apumzike. Baada ya mwaka mmoja hawezi kwenda bafuni.

Watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwaweka wagonjwa wa aina hii ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakawaonyesha maneno tu ya mambo yanayokata pumzi, kama kupanda ngazi. Kisha wagonjwa wakaingia kwenye mafunzo ya mazoezi na elimu, na baadaye wakapigwa picha tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kadiri mgonjwa alivyopungukiwa na hofu ya kukosa pumzi, ndivyo ubongo wake ulivyobadilika katika kuyapokea maneno hayo. Mazoezi ya namna hii hayarudishi mapafu yaliyoharibika. Hurudisha nguvu ya miguu, na humfundisha mtu kwamba kuhema si kufa.

Wala si tiba ya Ulaya peke yake. Ng'ambo ya ziwa letu, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, watu waliobakiwa na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6. Walimaliza wakitembea umbali mrefu zaidi kuliko walipoanza. Kinachohitajika zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mahali pa kutembea na muda.

Kwa anayebanwa leo, jambo la kwanza ni kutoa hewa, si kuvuta. Vuta kwa pua, kisha bana midomo kama unayepoza chai, utoe polepole, kwa muda mrefu kuliko uliovuta. Ukipandisha, toa hewa wakati unanyanyua mguu, na usimame kabla hujalazimika. Inamia mbele, viganja magotini au juu ya jiwe. Mwanza mawe hayatupungukii. Jiulize, kuanzia 0 hadi 10, nabanwa kiasi gani? Ikifika 3 au 4, endelea taratibu. Ikizidi hapo, pumzika hadi itulie, kisha endelea.

Lakini maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi ya bluu, miguu kuvimba, damu kwenye makohozi, au pumzi isiyotulia hata ukikaa, ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi kwanza. Na mwenye dawa ya pampu asiiache kwa sababu ameanza mazoezi.

Ninyi mlio nyumbani naye, akishapimwa na daktari akaruhusu, msimletee kila kitu kitini. Jioni jua likipoa, tembea naye hadi kwa jirani wa tatu, mwendo wake, bila kumhimiza. Kesho mfike kwa wa nne.

Itaendelea juma lijalo.