Ndege wa Kisiwa Kimoja

Asubuhi tazameni maua ya mgomba. Mtamwona ndege mdogo sana. Mdomo wake ni mrefu, mwembamba, na umepinda. Huyo ni chozi. Hunyonya utamu wa maua na kula wadudu wadogo. Chozi wako wa aina nyingi.

Aina moja hatuwezi kuiona hapa Igogo. Ni chozi wa Pemba. Dume ni wa kijani iliyokoza, inayong'aa, na kifuani ana zambarau. Jike ni wa kijivu. Ndege huyu anaishi Pemba na katika visiwa vidogo vilivyo karibu. Mahali pengine duniani hayupo.

Kwa nini? Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka bara. Bahari ya hapo kina chake ni zaidi ya mita 800. Zamani za kale maji ya bahari yalipungua sana. Unguja ikaungana na bara, lakini Pemba ilibaki kisiwa. Chozi wa Pemba walizaana wenyewe kwa wenyewe miaka mingi sana. Mwisho wakawa aina ya peke yao.

Miaka ya 1800 misitu mingi ya Pemba ilikatwa ili kupanda mikarafuu. Msitu wa Ngezi, kaskazini, ulibaki. Chozi hukaa msituni, na pia katika mikarafuu na bustani. Leo bado wako wengi.

Je, kwa kuwa ni wengi, tusijali? Sisi watu wa ziwani tunalo funzo. Furu walikuwa wengi mno katika Ziwa Victoria. Aina nyingi zilikuwa za ziwa hili tu. Miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa ziwani. Kufika miaka ya 1980 sangara walikuwa wamewala furu wengi. Maji nayo yalichafuka. Aina kadhaa zimerudi, lakini nyingine hazijaonekana tena. Hatuwezi kwenda kuzitafuta ziwa jingine, maana hazikuwako huko.

Chozi wa Pemba ni hivyo hivyo. Akiisha Pemba, ameisha duniani.

Nasi tuanze nyumbani. Tupande miti. Tusichafue ziwa. Tuwakataze watoto kupiga ndege kwa manati na kuvunja viota. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kiumbe aliyekwisha hajengwi tena.