Uratibu na Ushirikiano: Tofauti ya Dhana Mbili kwa Mfano wa Kahawa ya Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya uongozi, istilahi uratibu na ushirikiano hutumiwa kana kwamba ni visawe. Makala haya yanadai kwamba sivyo, na kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe inazitenganisha dhana hizo.

2.0 Ushahidi wa Kisarufi

Sentensi zifuatazo zichunguzwe:

(1) a. Karani ameratibu usafirishaji wa kahawa.
    b. Usafirishaji wa kahawa umeratibiwa.
(2) a. Wakulima wameshirikiana.
    b. *Mkulima ameshirikiana.

Kitenzi -ratibu ni elekezi: kinatosheka na mtenda mmoja na hukubali kauli ya kutendwa. Hivyo kazi za watu zaweza kuratibiwa hata kama wenyewe hawakushauriwa. Kitenzi -shirikiana, chenye kiambishi cha kutendana -an-, kinadai watenda wawili au zaidi, ndiyo maana (2b) haikubaliki bila kuongezwa "na jirani yake". Aidha, nomino ushirika haina -an-: mtu aweza kushiriki chama pasipo kushirikiana na wenzake.

3.0 Mfano wa Kahawa

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Ukusanyaji na usafirishaji uliendelea kuratibiwa. Kilichoondolewa ni sauti ya mkulima. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1990 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU). Wilaya ya Kyerwa, ilimo Kamuli, ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Hata hivyo, kurudi kwa ushirika si lazima kuwe kurudi kwa ushirikiano. Mkoani Kagera ipo desturi iitwayo butura: mkulima mwenye shida ya fedha huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini, kwa mnunuzi binafsi. Mizani ya chama cha msingi yaweza kuwa tayari, magunia yapo, na lori limepangiwa siku. Uratibu haukupungukiwa kitu. Lakini kahawa haifiki, kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja malipo ya msimu. Kinyume chake, wakulima wenye nia moja wasio na utaratibu wa kuchuma na kukausha watafikisha kahawa isiyolingana ubora.

4.0 Hitimisho

Uratibu hujibu swali la nani afanye nini na lini. Ushirikiano hujibu swali la kwa nini kila mmoja akubali kumsubiri mwenzake. Upungufu wa kwanza hutibiwa kwa ratiba. Wa pili hutibiwa kwa kumpa mkulima uwezo na sababu ya kungoja. Anayeziita dhana zote mbili kwa jina moja ataongeza ratiba pale ambapo kilichokosekana ni imani.