Usiku wa matata, nani atabeba mgonjwa?

Ndugu msomaji, kama mama wa nyumba yako anatokwa na damu nyingi saa nane ya usiku, nyuma ya kuzaa, utaita nani? Katika miji yetu ya migodi, Likasi ao Kolwezi, utagonga kwa jirani mwenye motokari. Atanunanuna kidogo, lakini barabara iko. Ndugu zetu wa Idjwi, wao, barabara yao inaishia majini.

KISIWA NA ZIWA LAKE

Idjwi ni kisiwa katika ziwa Kivu. Goma iko kaskazini, Bukavu kusini. Watu wake wanalima kahawa na mananasi, wanavua samaki, wanavuka kwenda kuuza. Kisiwa ni milima mitupu, njia ni za udongo, motokari ni za kuhesabu. Mgonjwa anabebwa kwa kipoyi mpaka kituo cha afya. Akipata bahati, pikipiki itamusogeza mbele. Kama ugonjwa unapita nguvu ya waganga wa kisiwa, hakuna njia nyingine: ni kuvuka.

Na ziwa si barabara. Usiku upepo unaamka, mawimbi yanapiga. Katika mwezi wa 4 mwaka 2019 watu wengi walikufa majini upande wa Kalehe, na nyuma yake Rais Tshisekedi aliamuru kila msafiri avae koti la kuelea. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi yenye kutoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa ngambo wakiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Basi, mwenye kupeleka mgonjwa kwa haraka anaweza kuongeza maiti juu ya maiti.

SAA INAPOTEA WAPI?

Mwaka 1994 wanawake wawili wenye elimu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mwenye kuzaa anauawa na machelewo matatu. La kwanza ni kuchelewa kukata shauri nyumbani. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kutunzwa pale hospitalini. Sikia vizuri: damu nyingi nyuma ya kuzaa inaweza kuua kwa masaa mawili tu.

Sisi tunalalamika juu ya njia, na ni haki: serikali inapashwa kutoa boti za wagonjwa na magari. Lakini chelewo la kwanza liko ndani ya nyumba zetu. Baba yuko kwenye shimo, mama mkwe anasema, «Tumungojee kwanza baba.» Wengine wanatafuta majani, wengine wanahesabu franka. Masaa mawili yamekwisha, na hata mutu moya hayaanza kutembea.

WATU WA KIPOYI

Huko Uganda ya kusini-magharibi, karibu na mpaka wetu, wanaume wa kilima kimoja walijiunga zamani juu ya kubebana wakati wa ugonjwa. Chama hicho wanakiita «engozi», ni jina la kipoyi chenyewe. Mwaka 1996 hospitali ya kanisa ya Kisiizi ilijenga juu ya vyama hivyo: jamaa zikatoa mchango pamoja mbele ya ugonjwa, ili siku ya matata mgonjwa apokelewe. Hawakungoja gari kwanza. Walianza na mabega yao.

Usiseme, «Mimi sikai kisiwani.» Kambi ya wachimbaji ambayo njia yake inakatika wakati wa mvua, nayo ni kisiwa.

MUPANGE MCHANA, MUSIPANGE USIKU

– Baba, kabla ya kwenda kazini, sema wazi mbele ya wote: «Nikikosekana, mama apelekwe bila kuningoja.»
– Mama mwenye mimba anayekaa mbali aende kukaa karibu na materinite majuma ya mwisho.
– Vijana, mujue nani ana pikipiki, nani ana mtumbwi wenye moteri, esansi inawekwa wapi. Kipoyi kikae fasi moja inayojulikana, si chini ya kitanda cha mtu aliyesafiri.
– Kila jamaa itoe kidogo kila mwezi katika sanduku. Watu wawili washike funguo, na hesabu isomwe mbele ya wote.
– Njiani, mama mwenye kutokwa damu alale chini, afunikwe, mtoto awekwe kwenye ziwa. Mutume mtu mbele kuamsha waganga. Ndugu wawili wenye afya wasindikize, kwa sababu huenda damu itaombwa.
– Kwenye maji: koti la kuelea kwa kila mtu, na boti isijazwe mizigo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo jioni, nyuma ya chakula, muulizane nyumbani: ikifika saa nane ya usiku, kwetu nani anabeba mbele, na nani anabeba nyuma?