Mwenye Marafiki Wengi Apunjwe

Msomaji wa Dodoma, mwanafunzi wa uzamili, ameniandikia akiwa na dukuduku. Anachunguza wanandoa walioamua kwa hiari yao kutozaa. Watu hawa hawajitangazi. Ukweni wanasema "Mungu hajajalia" na maneno yanaishia hapo. Mtandaoni wana makundi yao, na huko hawaumi maneno. Alimwomba ruhusa admini wa kundi moja, akabandika linki ya dodoso lake, majibu yakamiminika. Msimamizi wake akayatazama, akauliza: "Hawa ni akina nani?" Msomaji anataka kujua kama anaonewa.

Haonewi. Linki iliyobandikwa hujibiwa na wasemaji, wale ambao wangesema hata wasingeulizwa. Habari za sampuli nasibu zimo katika kila kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza, sizirudii. Ninachotaka kusimulia ni ujanja mmoja ambao kila nikiukumbuka natabasamu peke yangu.

Mwaka 1997 mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, alichapisha njia iliyotumika kuwafikia watu wanaojidunga dawa za kulevya katika jimbo la Connecticut. Orodha yao haipo, na angeiomba kwa nani? Ilizoeleka mtafiti kumwambia mhojiwa, "Nitajie wenzako." Hapo maadili yamekwisha kuvunjwa kabla hata dodoso halijafunguliwa: mtu ametajwa kwa mgeni bila ridhaa yake. Heckathorn hakutaka majina. Katika njia yake mhojiwa hupewa kuponi chache zenye namba, kwa kawaida tatu, awape anaojuana nao. Aliyepewa akipenda atakuja. Asipopenda, mtafiti hatajua hata kama yupo duniani. Mhojiwa hulipwa kidogo kwa kujibu, na kidogo tena kila aliyemwalika anapofika.

Jina la njia hii limeninyima usingizi. Ile ya zamani ya kutajana, kwa Kiingereza ilifananishwa na donge la theluji linalobingirika na kunenepa, na baadhi yetu tukaifasiri neno kwa neno, "mpira wa theluji", kana kwamba sote tumekulia kileleni Kilimanjaro. Hii ya kuponi ungeweza kuiita "sampuli iongozwayo na wahojiwa": ni sahihi, ila inachosha mdomo. Nilijaribu "sampuli mnyororo", ikanukia gereza. Sasa nimetulia kwenye "sampuli mwaliko", na sababu yangu ni harusi.

Tuseme orodha ya wageni imepotea. Shangazi anapewa kadi tatu tu azigawe, na kila atakayepokea naye apewe tatu zake. Baada ya mizunguko kadhaa, kadi zitarundikana kwa nani? Kwa Mama Zuwena. Yumo katika vikoba vitatu, yumo kwaya, yumo kamati ya shule, na ndiye anayeshika daftari la michango ya misiba. Njia zote za mtaa zinapita barazani kwake. Jirani yake, Bi Rehema, anajuana na watu 4, na wawili kati yao ni dada zake. Kadi ikitembea kwa kubahatisha, nafasi ya kumfikia mtu inalingana na idadi ya milango inayofungukia kwake. Mama Zuwena akijuana na watu 40, kadi itamwendea mara kumi zaidi kuliko Bi Rehema. Wala haidhuru ilianzia kwa shangazi au kwa hasimu wake. Mnyororo ukirefuka vya kutosha husahau ulikotoka. Watafiti humwita mtu wa kwanza "mbegu", na hii ni mbegu ambayo mti wake haufanani nayo!

Raha yenyewe inaanzia hapa. Tukishajua Mama Zuwena amependelewa kwa kiasi gani, tunaweza kumpunja kwa kiasi kile kile. Kila mhojiwa anaulizwa anajuana na wenzake wangapi, kisha jibu lake linapewa uzito wa moja gawanya kwa idadi hiyo. Chukua wahojiwa kumi. Watano wanajuana na wenzao 20 kila mmoja, na wote wamewaambia wazazi ukweli. Watano wengine wanajuana na 4 kila mmoja, na hakuna aliyethubutu. Ukihesabu vichwa, asilimia 50 wamesema. Sasa pima: watano wa kwanza wana uzito wa 0.25 kwa jumla, watano wa pili 1.25. Waliosema ni 0.25 katika 1.5, yaani sehemu moja ya sita, kama asilimia 17. Hakuna aliyeongezwa wala aliyefutwa. Kundi lililoonekana la majasiri limegeuka kundi la wanyamavu.

Njia hii imewafikia wanamuziki wa jazi wa New York na San Francisco, na mwaka 2007 ilitumika Zanzibar kwa watu wanaojidunga. Mwaka 2008 Cyprian Wejnert na Heckathorn walichapisha jaribio la mtandaoni kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambako kuponi ilisafiri kwa baruapepe. Kwa upande wa ridhaa, linganisha na kilichotokea mwaka 2016, watafiti wa Denmark walipomwaga hadharani taarifa za watumiaji karibu 70,000 wa tovuti ya uchumba ya OkCupid, yakiwemo majibu yao ya chumbani. Walijitetea kwamba taarifa hizo zilikuwa wazi tayari. Mazungumzo ya barazani nayo ni wazi, lakini mpita njia akitoa daftari na kuandika, watu hunyamaza.

Wapo watakwimu wanaolalamika kwamba kosa la makadirio ni kubwa kuliko lilivyodhaniwa, na wengine kwamba malipo ya kualika yanaweza kugeuka shinikizo. Sawa, tuendelee.

Mpendwa msomaji, usiulize "Una marafiki wangapi?" Mtandaoni hiyo ni namba ya kujisifia. Uliza: "Kati ya walioamua kutozaa, ni wangapi unaowajua kwa jina, nao wanakujua, na mmewasiliana ndani ya miezi sita iliyopita?" Kila kipande kina kazi. "Nao wanakujua" kinahakikisha njia inapitika pande zote mbili, la sivyo hesabu nzima inaanguka. "Miezi sita" inamzuia Mama Zuwena asihesabu hadi aliosoma nao darasa la pili. Kila mwaliko uwe na linki yake, ikitumika mara moja ife. Ile uliyoibandika kundini ifute leo, uanze upya na mbegu sita wasiofanana, na angalau mmoja awe Bi Rehema.