Kununua Piano ya Kidijitali: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Piano ya kidijitali hununuliwa mara nyingi kwa fedha iliyopatikana kwa taabu: kwaya huchangishana kwa miezi kadhaa, mzazi hujinyima ili mtoto ajifunze muziki. Kabla ya kulipa, mlaji anashauriwa kukagua mambo yafuatayo.

Vitufe. Piano kamili ina vitufe 88. Vinanda vingi vya bei nafuu vina vitufe 61, ambavyo vyaweza kutosha kusindikiza nyimbo za kwaya, lakini humpungukia mwanafunzi anayekusudia kuendelea na piano. Vitufe vyenye mfumo wa nyundo huwa na uzito unaokaribia ule wa piano ya kawaida. Bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, chombo hicho hakimfai anayejifunza.

Sauti. Wingi wa milio na midundo si kipimo cha ubora. Uliza ni noti ngapi zinazoweza kulia kwa pamoja. Idadi ikiwa ndogo, noti za mwanzo hukatika pale mpigaji anapokanyaga pedali na kuendelea kupiga. Lijaribu jambo hili dukani kwa masikio yako.

Umeme. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani chaweza kuwa cha volti 100, na kukichomeka moja kwa moja huweza kukiunguza papo hapo. Soma maandishi yaliyo nyuma ya chombo au kwenye adapta. Yakisomeka “100–240V”, kinafaa. Yakisomeka “100V” pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo gharama yake ni sehemu ya bei. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti.

Bei kamili. Uliza iwapo adapta, pedali na stendi vimo katika bei. Chombo kinachoonekana rahisi huweza kuwa ghali baada ya kununua vifaa hivyo kimoja kimoja.

Risiti na dhamana. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe kuwa ankara inataja modeli na namba ya chombo. Dhamana iwe ya maandishi, ikionesha muda wake na mahali pa matengenezo. Muuzaji akisema kuwa chombo ni kipya au kina vitufe vya nyundo, mwombe ayaandike maneno hayo kwenye ankara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wako endapo utalazimika kulalamika.

Muuzaji asiyekubali chombo kiwashwe na kujaribiwa mbele yako, usimlipe.