Mbio za Miguu Kati ya Ziwa Babati na Mlima Hanang

Zamani tulizoea kusema kwamba shinikizo la damu na kisukari ni magonjwa ya watu wa mjini, wenye kukaa ofisini na kula vilivyonona. Leo hatuwezi kusema hivyo tena. Magonjwa hayo yamo katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kwa akina mama na akina baba wenye mashamba. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo tunaiona kila siku: tumeacha kutumia miguu. Hata safari ya kwenda kigangoni, ambayo babu zetu waliimaliza huku wakisali Rozari, siku hizi tunapanda bodaboda.

Na hili linatokea katika nchi gani? Katika nchi ya wakimbiaji! John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa amefungwa bandeji mguuni, ni mtu wa Mbulu. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Gidamis Shahanga wa upande wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Na jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Njia za vumbi za nyanda hizi ndizo zilizowalea watu wa namna hiyo, na njia hizo bado zipo, bure, mlangoni petu.

Tunasema habari za mbio za afya, si za medali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au nusu ya muda huo kwa mazoezi makali. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa saa moja kila siku. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako bila kukatika maneno. Bayi siku ile aliongoza kuanzia mwanzo wa mbio hadi mwisho. Mtindo huo tumwachie mwenyewe. Anayeanza atembee dakika tano, akimbie moja, atembee tena, na baada ya majuma kadhaa ataona mwenyewe kifua kinavyofunguka. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo apite kwanza zahanati. Mwenye selimundu asijitutumue hata kidogo milimani, kwa maana kukosa maji mwilini na hewa nyepesi ya juu vinaweza kumletea maumivu makali.

Tuanze na Babati. Ziwa liko kando kabisa ya mji, na vijia vya vijijini vinapita kati ya mashamba ya mahindi, alizeti na mbaazi, huku Mlima Kwaraa ukitazama kutoka upande wa pili. Ardhi haina miinuko mikubwa, hivyo ni mahali pazuri kwa wazee na kwa mama aliyejifungua ambaye mganga amemruhusu kuanza mazoezi. Lakini ziwa hili lina viboko, na hapa hatutanii. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, hukesha malishoni, na hurudi alfajiri. Alfajiri ndiyo saa wanayoipenda wakimbiaji. Mnyama huyu akikuta mtu amesimama kati yake na maji, humshambulia. Wala usitumaini miguu yako: kiboko aweza kufikia kilometa 30 kwa saa kwa mwendo mfupi, na Bayi alipoweka rekodi yake alikuwa akienda kama kilometa 25 kwa saa. Kwa hiyo, kando ya ziwa tukimbie jua likiwa limekwisha kuchomoza na kung'aa, tuwe tumeondoka kabla ya magharibi, na tusipite kwenye matete wala katika vijia vilivyochimbwa na viboko wenyewe. Ukimwona nchi kavu, mwachie njia ya majini, rudi nyuma mbali, usimtupie mawe.

Jambo la pili la ziwani ni kichocho. Mkimbiaji amelowa jasho, miguu ina vumbi, maji yako pale. Nani asiyetamani kuingia? Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wadogo wa maji baridi, na hupenya kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Hasa mchana wa jua kali ndipo vinapokuwa vingi. Nawa nyumbani, kwa maji ya bomba au ya kisima. Kijana akiona damu kwenye mkojo au kwenye choo asione haya kusema, maana dawa ipo na inatibu.

Kutoka Babati kwenda Dareda nchi inabadilika. Ukuta wa Bonde la Ufa unasimama mbele yako, na barabara inaukwea kuelekea Mbulu. Wengi huogopa kupanda, kumbe kupanda huumiza pumzi tu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Tunawashauri wapande kwa kutembea upesi na washuke kwa hatua fupi fupi, bila kujiachia. Raba si lazima ziwe za bei kubwa, ila zibane kisigino na ziwe na nafasi mbele ya vidole. Kandambili hazifai, na peku tusizihimize panapojulikana kuwa na safura. Wasichana nao wakimbie, wawili watatu pamoja, na wazazi wasiwazuie kwa hoja kwamba mbio ni za wavulana.

Tufike sasa Hanang, mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Upande wake wa kaskazini, chini bondeni, kuna Ziwa Balangida, ziwa la chumvi ambalo kiangazi maji yake hukauka sana na kuacha uwanda mweupe. Kukimbia pale asubuhi ni raha tupu, ila hakuna kivuli na maji ya ziwa hayanyweki. Chukua maji yako na kofia. Mlima wenyewe ni hifadhi ya msitu. Hupandwi bila kibali na kiongozi, nao ni safari ya kutwa.

Hanang ina jambo jingine tusilopaswa kulisahau. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimomonyoka, tope na mawe na magogo yakashuka hadi Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Bwana awape pumziko la milele. Tangu hapo tunawaomba vijana wanaofanya mazoezi kwenye miteremko ile waache korongo na kingo za vijito majira ya mvua, wakimbilie barabara ya tambarare. Tena wao ndio wanaopita huko mapema kuliko watu wengine, hivyo wawe macho. Ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, kijito kilichogeuka tope ghafla au kupungua wakati mvua inanyesha, ngurumo isiyo ya radi: wakiona lolote kati ya hayo waondoke upesi pembeni, mbali na njia ya maji, kisha wampigie simu mwenyekiti wa kijiji saa ile ile.