Mtungi wa kuzamia: usinunue rangi, soma chapa

Mwaka jana nusura ninunue mtungi wa hewa wa kuzamia, umepakwa rangi mpya, bei ya kutupa. Nilipoupapasa shingoni sikuhisi maandishi yoyote; rangi ilikuwa imeyafunika. Nikamrudishia mwenyewe.

Shingoni ndiko mtungi unakojieleza: ujazo wake, presha yake na tarehe uliyopimwa mara ya mwisho. Kwa kawaida kipimo hicho hurudiwa kila miaka 5. Tarehe ikiwa imepita au imefichwa, usiujaze, ukipasuka unaua.

Pili, piga hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400 za hewa. Juu ya maji mtu hutumia kama lita 20 kwa dakika. Akiwa mita 20 chini, hutumia mara tatu, yaani lita 60. Ukiweka baa 50 za akiba, una dakika 30 tu.

Tatu, chuma au alumini? Chuma kikiingiwa na maji ya chumvi hushika kutu ndani, na kutu hula oksijeni. Alumini haina kutu hiyo, lakini huanza kuelea hewa ikipungua, kwa hivyo utahitaji risasi zaidi kiunoni.

Mwisho, uliza unajazwa wapi. Kompresa ikivuta moshi wa injini, huingiza kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Vijana wetu wa Shimoni na Watamu, mkikosa fundi wa kuufungua na kuukagua ndani, uacheni huko huko.